Uratibu: Protini za Utando na Misuli ya Mnyoo

Mtahiniwa, mada ya uratibu husomwa kwa michoro ya neva za binadamu, lakini swali la matumizi linaweza kuletwa kwa mfano wa mnyoo. Usishtuke. Iwe ni mnyoo, mbuzi au mtu, kanuni ni moja: neva hutuma ujumbe, lakini msuli hujibu kupitia protini zilizo kwenye utando wake.

1. Neva na msuli vinapokutana

Neva haigusani na msuli. Kati yake kuna upenyo mwembamba sana. Mahali hapo huitwa sinapsi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

(a) Mpigo wa neva hufika mwisho wa neva.
(b) Vifuko vidogo humwaga kemikali iitwayo asetilikolini.
(c) Asetilikolini huvuka upenyo na kujishikiza kwenye kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa seli ya msuli.
(d) Kipokezi hufunguka kama mlango uliopata ufunguo wake. Ioni chanya, hasa za sodiamu, huingia na msuli hukaza.
(e) Kimeng'enya huvunja asetilikolini. Mlango hufungwa na msuli hulegea.

Hatua ya (e) husahaulika. Bila hiyo msuli ungebaki umekaza.

2. Mnyoo duara unavyotembea

Mnyoo duara, kama askarisi wa tumboni, una misuli ya urefu tu kwenye ukuta wa mwili. Upande mmoja ukikazwa na asetilikolini, upande wa pili hulegezwa na kemikali nyingine iitwayo GABA. Zamu hiyo ndiyo huufanya ujipinde kama herufi S. Kwa binadamu neva huufuata msuli. Kwa mnyoo duara seli ya msuli ndiyo hunyoosha mkono mwembamba kuifuata neva.

3. Dawa zinavyogusa protini hizo

Levamisole hujishikiza kwenye kipokezi cha asetilikolini cha mnyoo na kukiacha wazi. Kimeng'enya cha hatua ya (e) hakiwezi kuivunja. Pande zote mbili hukaza kwa pamoja, mnyoo hukakamaa, na utumbo huusukuma nje.

Ivermectin hufungua mlango wa aina nyingine, unaopitisha ioni hasi za kloraidi. Ndani ya seli huwa hasi zaidi, mpigo hauamshwi, na mnyoo hulegea. Koo lake pia hushindwa kuvuta chakula. Milango hiyo ya kloraidi haipo kwa binadamu. Hii ni sababu moja inayofanya dawa hiyo itumike kwa watu dhidi ya usubi na matende. William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoileta.

Tahadhari ya mtihani: albendazole, inayogawiwa shuleni, haifanyi kazi kwenye sinapsi. Huzuia protini inayojenga mirija midogo ndani ya seli za mnyoo, hivyo mnyoo hukosa glukosi. Usiichanganye na levamisole.

4. Tunajuaje kwamba ni kipokezi?

Mwaka 1974 Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha utafiti wa jeni za mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, wenye urefu wa milimita 1 hivi. Mnyoo huyo mwenye jinsi mbili ana seli za neva 302 tu. Watafiti waliiweka minyoo ya aina hiyo kwenye levamisole. Mingi ilikakamaa, michache ikaendelea kutembea. Katika mingi ya michache hiyo, hitilafu ilikuwa kwenye jeni za kutengeneza kipokezi au kukifikisha kwenye utando. Bila mlango, ufunguo hauna kazi. Ndivyo pia baadhi ya minyoo ya mifugo inavyoweza kuwa sugu, hasa ikipewa dozi pungufu mara kwa mara.

5. Kanuni hii shambani

Usoke, wilayani Urambo mkoani Tabora, ni eneo la tumbaku. Nikotini ya tumbaku nayo hufungua vipokezi vya asetilikolini, na vya aina hiyo unavyo wewe pia kwenye neva na misuli. Majani yakiwa na umande au mvua, nikotini huyeyuka na kupenya ngozi ya mchumaji. Dalili ni kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Kama unasaidia nyumbani msimu wa kuchuma, subiri majani yakauke, vaa glavu na mikono mirefu, vua nguo zilizolowa, na osha mwili kwa maji na sabuni. Ukiona dalili, toka shambani na uende kituo cha afya.

Swali la mfano

Mfugaji wa Usoke aliwapa mbuzi wake levamisole. Kesho yake alikuta minyoo mizima kwenye kinyesi.
(a) Eleza dawa ilivyoiathiri misuli ya minyoo. (alama 4)
(b) Kwa nini minyoo ilitoka nje ingawa haikusagwa? (alama 2)
(c) Jirani alichuma tumbaku yenye umande, akatapika. Husianisha tukio hili na (a). (alama 2)

Majibu

(a) Levamisole hujishikiza kwenye kipokezi cha asetilikolini (1). Mlango hubaki wazi (1). Ioni chanya huingia kwa wingi (1). Misuli ya pande zote hukaza na mnyoo hukakamaa (1).
(b) Mnyoo uliokakamaa hauwezi kujishikilia wala kuogelea kinyume cha mkondo (1). Misuli ya utumbo wa mbuzi huusukuma nje (1).
(c) Nikotini ilipenya ngozi (1), ikafungua vipokezi vya asetilikolini vya mtu kama levamisole inavyofungua vya mnyoo (1).

Ukiandika "dawa iliua minyoo" ukaishia hapo, hujajibu. Neno "eleza" linataka njia: kemikali, kipokezi, ioni, msuli.