Kopo tupu nalo ni amana: Somo kutoka Mlango wa Vyombo



Ndugu Waislamu, katika darsa ninayowasomesha vijana baada ya swala ya Magharibi tumekuwa tukisoma Bulugh al-Maram, kitabu ambacho Ibn Hajar al-Asqalani alikusanya ndani yake hadithi za hukumu za sheria. Baada ya mlango wa maji, vijana walitegemea tuingie kwenye udhu. Badala yake wakakutana na Mlango wa Vyombo. Mmoja wao akauliza: "Ustadhi, dini yenye mambo makubwa namna hii, nayo inashughulika na vyombo vya jikoni?"

Swali lile lilinigusa kuliko alivyodhani muulizaji, kwa sababu chupa moja tupu, niliyoijaza kwa mikono yangu mwenyewe, nusura imtoe mwanangu uhai. Nitalieleza hilo mbele. Kwanza tutazame tunachokitupa.

Hesabu ya wiki moja

Siku moja nilimwambia mke wangu tusitupe chombo chochote kwa wiki nzima, tuvikusanye kwenye pembe ya ua tuone. Sisi ni watu wa kawaida, sote wawili tunafanya kazi, na watoto ni watatu. Ilipofika Ijumaa palikuwa na chupa za maji kumi na nne, chupa za soda tano, dumu la mafuta ya kula la lita 5, kopo la maziwa ya unga, vikopo viwili vya siagi, na chupa ya asali aliyotuletea shemeji.

Hiyo ni nyumba moja, wiki moja. Zidisha kwa nyumba za mtaa wako. Vitu hivi huenda wapi? Vingine tunavichoma nyuma ya nyumba, na moshi wa plastiki wanauvuta watoto wetu wenyewe. Vingine vinaishia mtaroni, na masika yakifika maji yanakosa njia, yanaingia sebuleni kwa jirani. Kisha tunanyanyua mikono kuomba tuondolewe balaa!

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na tuliokuwa tukidai kuwa haiwezekani tukarudi kwenye vikapu. Kumbe inawezekana. Lakini je, Muislamu anasubiri sheria ya serikali ndipo aache israfu? Allah (s.w) katika Suratul-Aaraf aya ya 31 ametuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo akatukataza kupita kiasi. Na katika Suratul-Israa aya ya 26 na 27 amewahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Tunazisoma aya hizi mtu anapomwaga pilau la harusi. Kwa nini tusizisome mbele ya pipa la taka?

Ngozi ya mbuzi aliyekufa

Sasa turudi kwenye Mlango wa Vyombo. Humo imo hadithi ya mama wa waumini Maimuna (r.a). Mtume (s.a.w) alipita akaona mbuzi aliyekufa akiburutwa kwenda kutupwa. Akauliza kwa nini wasiichukue ngozi yake. Wakajibu kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kuwa maji pamoja na majani ya kudibaghia huitwaharisha ngozi ile. Na katika mapokezi ya Bukhari na Muslim akabainisha kuwa kilichoharamishwa ni kumla tu.

Tuzingatie. Watu wale walikuwa na sababu nzuri kuliko zetu. Walichotaka kutupa ni mzoga, sio kopo la siagi! Pamoja na hivyo Mtume (s.a.w) akawaonesha kuwa ndani ya kitu kinachotupwa kuna manufaa yaliyobaki.

Naye Bi Sauda (r.a), mke mwingine wa Mtume (s.a.w), amepokewa na Bukhari akieleza kuwa mbuzi wao alikufa, wakaidibaghi ngozi yake, wakawa wanaloweka tende ndani yake mpaka ikachakaa kabisa. Hii ndiyo nyumba ya Mtume (s.a.w). Chombo kilitumika mpaka kikaisha. Aidha, Anas (r.a) anasimulia kuwa kikombe cha Mtume (s.a.w) kilipopata ufa, kiliungwa kwa fedha na kikaendelea kutumika. Hakikutupwa.

Wala jambo hili si geni kwa mababu zetu. Kifuu cha nazi kilitengenezwa kata ya kuchotea maji mtungini na upawa wa kupakulia mchuzi. Bati la mafuta ya taa lilipokwisha mafuta likawa debe, na mpaka leo mahindi yanapimwa kwa debe. Kopo la rangi la lita 4 ndilo sado ya nyanya na viazi sokoni. Hivyo basi, kutumia tena chombo si mtindo wa Wazungu wa mazingira. Ni mila yetu na ni mafundisho ya dini yetu. Sisi ndio tuliosahau.

Lakini sheria haikutuachia tu tufanye tutakavyo. Imeweka masharti, na hapa ndipo wengi tunapokosea.

Sharti la kwanza: Chombo kitwaharike

Abu Thaalaba al-Khushani (r.a) alimuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu vyombo vya Ahlul-Kitab, na katika mapokezi ya Abu Daud alieleza kuwa watu hao walipikia nguruwe na kunywea pombe ndani yake. Alijibiwa kuwa wakipata vyombo vingine wale katika hivyo, na wasipopata wavioshe kwa maji kisha wavitumie.

Hili linajibu swali ninaloulizwa mara kwa mara kuhusu asali inayouzwa ndani ya chupa za pombe kali. Chupa ya kioo hainywi kilichokuwamo. Ikioshwa vizuri mpaka harufu ikaondoka, asali iliyomo si haramu. Hata hivyo, mpangilio wa hadithi yenyewe unatuelekeza kutanguliza chombo kisicho na shaka. Mwenye chupa ya juisi ya nini kuhangaika na chupa ya pombe?

Plastiki ni habari nyingine. Ndoo ya rangi ya lita 20, ambayo nyumba nyingi mjini huigeuza ya maji, haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na baadhi ya rangi zimekuwa zikiwekwa madini ya risasi yanayodhuru ubongo wa mtoto. Ndoo hiyo iwe ya kudekia au ya kupandia mboga. Maji ya kunywa yawekwe katika chombo kilichowahi kubeba kinacholiwa au kunywewa. Na chupa nyembamba ya maji usiimiminie chai au uji wa moto, kwani haikutengenezwa kuhimili joto hilo.

Sharti la pili: Kisimdhuru mtu

Hapa ndipo ninapokiri kosa langu. Nyumbani tulikuwa tukitumia mafuta ya taa kuwashia mkaa. Siku moja nilinunua nusu lita na, kwa kuwa sikuwa na chombo, nikayatia katika chupa ya maji ya kunywa. Nikaiweka chini ya meza ya jikoni. Niliona nimefanya jambo la maana, nimeokoa chupa na nimeokoa fedha.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na miezi kadhaa. Alitoka kucheza juani, akaiona chupa ambayo kila siku baba yake humpa maji ndani yake. Akanywa. Nilichosikia ni kikohozi, kikohozi ambacho sijakisahau. Bibi mmoja jirani akakimbilia maziwa, mwingine akataka nimtie kidole mtoto atapike. Tukamkimbiza hospitali, na muuguzi akatuambia tushukuru hatukumtapisha, kwa maana mafuta ya taa yanapopandishwa huingia mapafuni, na humo ndimo yanamouwa. Tulilala hospitali siku mbili. Alhamdulillah, alipona, na leo yuko darasa la pili.

Wazazi wenzangu, naomba hili tulikamate. Mtoto hasomi maandishi, anasoma umbo la chupa. Umemfundisha mwenyewe kuwa chupa ile ni ya maji, kisha ukamtilia sumu ndani. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Kwa hiyo mafuta ya taa, dawa ya chooni, dawa ya panya na maji ya betri visiingie kabisa katika chupa ya soda, ya maji au ya juisi, hata kwa saa moja. Vibaki katika vyombo vyake, juu, mahali penye kufuli. Na chupa iliyobeba dawa ya kuulia wadudu haina matumizi ya pili. Itoboe asije mtu akaiokota. Na ikitokea ajali, usimtapishe mtoto na usimpe maziwa wala mafuta. Chukua chombo alichonywea, mkimbilie hospitali nacho.

Kuna dhara jingine linalokuja polepole. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa ya dengue iliisumbua sana Dar es Salaam. Mbu anayeieneza huuma mchana, na huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, ndoo na matairi yaliyotupwa uani. Huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai mpaka mbu kamili. Mtume (s.a.w), kama alivyopokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a), aliamrisha vyombo vifunikwe usiku. Sunna hii ndogo tunayoidharau ingetuepusha na mengi. Chombo chenye maji kifunikwe, kisicho na maji kifudikizwe.

Sharti la tatu: Kisimdanganye mnunuzi

Nyumba nyingi siku hizi zina biashara ndogo: karanga, ubuyu, achari, mafuta ya nazi. Ni riziki ya halali, na vikopo vilivyotumika hupunguza gharama. Lakini ukiacha juu ya kopo lebo ya kampuni nyingine, na ndani umetia chako, umeuza uongo. Mtume (s.a.w) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imelowa, alimkemea muuzaji na kusema kuwa mdanganyifu hayuko pamoja naye. Basi bandua lebo, andika jina la kitu chako na tarehe uliyokitengeneza. Na anayepima kwa sado iliyobonyezwa kitako, asome mwanzo wa Suratul-Mutaffifin peke yake usiku, ajihukumu.

Nusu saa ya Jumamosi

Mtu atasema: "Ustadhi, mimi natoka nyumbani alfajiri, narudi Isha. Nitapata wapi muda wa kuchezea makopo?" Nami niko hivyo hivyo. Tunachofanya ni nusu saa tu kila Jumamosi, pamoja na watoto. Mmoja anaosha, mmoja anabandua lebo kwa maji ya moto akisimamiwa na mama yake, mmoja anapanga.

Vikopo vya siagi vinawekwa iliki, mdalasini na pilipili manga, kila kimoja na jina lake. Kopo la maziwa limetobolewa tundu kwenye mfuniko likawa kibubu cha sadaka, na watoto hutia humo sarafu zao mpaka Ramadhani. Dumu la lita 20 lililopasuka nimelikata ubavuni, nikatoboa matundu chini, nikatia udongo na samadi. Ndani ya mwezi mmoja tunachuma mchicha, nasi hatuna shamba, tuna baraza.

Lakini ninachokipenda zaidi ni chupa ya udhu. Anas (r.a) amepokewa na Bukhari na Muslim akieleza kuwa Mtume (s.a.w) akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kama kibaba, na kwa makadirio ya wengi haizidi robo tatu ya lita. Nikachukua chupa moja ya maji kwa kila mtoto, nikaichora mstari kwa wino kwenye kipimo hicho. Siku za mwanzo maji yalikuwa yakiisha kabla ya kufika miguuni. Sasa yanatosha, na mengine yanabaki yakamwagiliwa mchicha. Nilikuwa nikiwahubiria kuhusu israfu kila siku na bomba likitiririka. Chupa iliyokuwa iende mtaroni imewafundisha nilichoshindwa mimi.

Tahadhari moja tu. Kuhifadhi si kulimbikiza. Makopo hamsini chini ya kitanda ni makazi ya mende, wala hujaokoa kitu. Kwetu, chombo kisichopata kazi ndani ya mwezi mmoja kinaoshwa na kuwekwa kwenye kiroba kwa ajili ya kijana anayeokota chupa, ambaye huziuza kwa kilo. Tusimwite chokoraa wala kumfukuza mlangoni. Yeye anausafisha mji huu kuliko wengi wetu. Kumpa chupa safi, kavu, ndani ya kiroba, badala ya kumwacha afukue pipa lenye uozo, nako ni sadaka.

Basi yule kijana wa darsa nilimjibu hivi: dini inashughulika na vyombo vya jikoni kwa sababu jikoni ndiko watoto wetu wanakoishi. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya neema, na neema ya chakula huja ndani ya chombo. Haba na haba hujaza kibaba, na mtaro nao huziba kwa haba na haba. Tuanze leo na kilichopo chini ya meza. Inama, kiangalie, na ujiulize kama mtoto wako akikinywa atasalimika.

Allah (s.w) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia mema wakayafuata. Wabillahi tawfiq.