SOMO: KUKU WA KIENYEJI, BANDA LAO NA KIDERI



Kutoka Diani hadi Msambweni, na kuingia bara hadi Kinango, ni vigumu kupata mji usio na kuku. Kuku ndiye benki ya mama. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa za shule, anayekamatwa kwanza ni jogoo. Mgeni akija ghafla, ni jogoo tena. Hata hivyo, kila mara tunasikia habari ile ile: fulani alikuwa na kuku 30, na kwa wiki moja wamekwisha wote. Katika somo hili tutaangalia mambo manne: banda, vifaranga, chakula na ugonjwa wa kideri. Someni pamoja, halafu mjadili maswali yaliyo mwisho.

1. BANDA

Kuku wanaolala juu ya mwembe au jikoni huliwa na kicheche, huibiwa, na tena hunyeshewa. Banda zuri si lazima liwe la gharama. Kwa kuku wakubwa 10 wa kulala usiku, futi 5 kwa 6 zinatosha.

Inueni sakafu futi 3 kutoka chini. Tumieni nguzo za mvinje au mwarobaini, si mikoko, kwa maana mikoko inalindwa na sheria na ndiyo malezi ya samaki wetu. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo, ili kinyesi kidondoke chini. Kinyesi hicho msikitupe, ni mbolea nzuri ya mchicha kikishaoza.

Upande mrefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua lisipige ukuta mpana. Ukuta wa kusini uzibwe kwa udongo au makuti, maana mvua za mwaka huja na upepo wa kusi. Ukuta wa kaskazini uwe na wavu, hewa ipite. Banda lililozibwa pande zote lina joto na harufu, na kuku hukohoa.

Paa la makuti ni baridi, lakini lishuke vizuri nje ya kuta. Ndani wekeni fito za kulalia na viota, kiota kimoja kwa koo wanne. Utitiri hujificha katika nyufa, kwa hiyo pakeni kuta chokaa, na wekeni shimo la jivu kavu mahali pa kuku kujigaragaza.

2. VIFARANGA

Hapa ndipo tunapoteza zaidi. Tuseme koo ameatamia mayai 12, na baada ya siku 21 ametotoa 10. Akiachwa atembee nao tangu siku ya kwanza, mwewe atachukua, kunguru atachukua, nguchiro naye hayuko mbali. Baada ya miezi miwili huenda wamebaki 3. Sasa wale 7 waliopotea ni sawa na kazi bure ya koo kwa wiki tatu.

Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakaenea pwani yote. Hupenda takataka, kwa hiyo taka zikifukiwa, kunguru hupungua uani.

Dawa yake ni tenga. Wekeni mama na vifaranga chini ya tenga, penye kivuli, kwa wiki nne za kwanza, na chakula na maji humo humo. Usiku waingie ndani. Kazi ni ndogo, na tofauti mtaiona wenyewe.

3. CHAKULA NA MAJI

Kuku wa kienyeji hujitafutia, lakini asubuhi na jioni mpeni nyongeza. Tunavyo vingi huku kwetu: chicha la nazi, pumba, muhogo uliokaushwa, majani ya mchicha, mchwa, na mabaki ya dagaa. Chicha liwe la siku hiyo hiyo, likichacha litupwe. Dagaa wa chumvi waosheni kwanza, kwa kuwa chumvi nyingi huua kuku. Makombe ya chaza yakichomwa na kupondwa huimarisha maganda ya mayai.

Mahindi yaliyoota ukungu msiwape, na wala msile nyinyi wenyewe. Mwaka 2004 sumu ya ukungu huo iliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani.

Maji yawe safi kila siku. Kifuu kinatosha kwa vifaranga, mradi kioshwe. Wakati wa kaskazi, joto likizidi, badilisheni maji mara mbili.

4. KIDERI

Kideri ni mgeni wa zamani pwani. Kilitambuliwa huko Newcastle, Uingereza, mwaka 1926, na hapa Kenya kiliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, karibu na Mombasa. Dalili zake ni hizi: kuku husinzia, mabawa hushuka, huhara kijani, hupumua kwa shida, na wengine shingo hupinda. Kisha hufa kwa wingi.

Kideri hakina dawa. Pilipili, mshubiri, vidonge vya watu, vyote havizuii. Kinachosaidia ni chanjo kabla ugonjwa haujaja. Chanjo iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi minne. Wanaochanjwa wawe wazima. Kuku huhitaji wiki moja hadi mbili kabla ya kinga kushika.

I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Ibebeni ndani ya kitambaa chenye maji, kivulini. Chupa ikishafunguliwa na kuchanganywa, itumike siku hiyo hiyo. Na chupa moja hutosha kuku wengi. Mama mwenye kuku 8 akinunua peke yake, nyingi itamwagwa. Basi hiyo ni kazi ya kikundi: changeni, chagueni siku moja, mwiteni afisa wa mifugo wa wadi awafundishe, mpite mji kwa mji.

5. MAPATANO

Kuna jambo gumu ambalo lazima tuliseme. Kuku watatu wakifa asubuhi, mwenye mji hukimbiza waliobaki sokoni kabla hawajafa. Tunamwelewa, ana karo ya kulipa. Lakini kuku yule akinunuliwa Ukunda leo, kesho kideri kiko kwa mjane mwenye kuku watano tu. Pesa tuliyookoa tumeitoa mfukoni mwake.

Kwa hiyo tunashauri kila kikundi kipatane hivi: ugonjwa ukiingia, hakuna kuku anayeuzwa wala kupewa mtu kutoka mji huo, waliokufa wafukiwe shimo refu, na afisa wa mifugo aambiwe siku hiyo. Naye aliyepata hasara asaidiwe na kikundi kwa mitetea wa kuanzia, kideri kikishapita. Bila msaada huo, katazo litavunjwa usiku.

Pia kuku aliyenunuliwa au kuletwa kutoka harusini atengwe wiki mbili. Wahenga walishasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka uliopita, kikundi chetu kilipoteza kuku wangapi, na kwa sababu gani?
2. Nani atatunza pesa za chanjo, na siku ya kuchanja ni ipi?
3. Jirani asiye mwanachama akikataa kuchanja, tutaongea naye vipi?
4. Aliyefiwa na kuku wote, kila mmoja wetu atamchangia nini?