Mavazi ya Mwendesha Baiskeli Katika Majira ya Mwaka

Baiskeli ni chombo chenye mtambo mmoja tu, nao ni mwili wa mwendeshaji. Kama ilivyo mitambo yote, mwili hauwezi kugeuza nishati yote ya chakula kuwa mwendo. Ni robo hivi tu ya nishati hiyo inayofika kwenye pedali. Sehemu iliyobaki hugeuka kuwa joto. Mtu anayekanyaga pedali kwa nguvu ya Wati 100 huzalisha joto la Wati 300 hivi. Kwa hiyo uchaguzi wa nguo za baiskeli si jambo la urembo. Nguo haizalishi joto. Kazi yake ni kulizuia au kuliachia lile linalozalishwa na mwili.

Hesabu ya jasho

Njia kuu ya mwili kujipoza wakati wa kazi ni uvukizaji wa jasho. Kila gramu ya jasho inayogeuka kuwa mvuke huondoka na Jouli zipatazo 2,400. Kwa saa moja, Wati 300 ni sawa na Jouli 300 × 3,600, yaani 1,080,000. Tukigawa kwa 2,400 tunapata gramu 450. Basi, kama joto lote lingeondolewa kwa jasho peke yake, mwendeshaji angehitaji kuvukiza karibu nusu lita kwa saa. Maji hayo sharti yarudishwe kwa kunywa.

Wakati wa kaskazi

Katika miji ya pwani kama Tanga na Dar es Salaam, hewa ya miezi ya Desemba hadi Machi huwa na joto linalozidi nyuzi 30 za Sentigredi wakati wa mchana, tena huwa na mvuke mwingi. Katika hewa ya namna hiyo jasho huvukiza polepole, na lile linalodondoka chini halimpozi mtu hata kidogo. Nguo ifaayo ni nyepesi, yenye rangi isiyokoza, na inayopitisha upepo. Wako watu wanaovaa koti la plastiki wakati wa mazoezi ili wapunguze uzito. Uzito unaopungua hapo ni wa maji, nao hurudi mtu anywapo. Jambo la hatari ni kwamba mvuke umefungiwa ndani, joto la mwili hupanda, na mtu aweza kuzirai, hata kupoteza maisha.

Wakati wa masika

Koti la mvua lililofungwa pande zote huzuia mvua, lakini huzuia pia mvuke wa jasho. Mwendeshaji hulowa kutoka ndani. Lililo wazi chini na makwapani ni bora zaidi, na mwendo upunguzwe. Madigadi huzuia matope yanayorushwa na magurudumu. Ikumbukwe pia kwamba rimu ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza juu yake. Basi breki zikamatwe mapema kuliko siku za jua.

Wakati wa kipupwe

Hali ya joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1,000 za kupanda juu. Ndiyo sababu Njombe na Makete huwa na baridi kali kuanzia Juni hadi Agosti, na katika uwanda wa Kitulo jalidi huonekana alfajiri.

Mlimani hatari hujificha katika mteremko. Wakati wa kupanda, misuli hufanya kazi kubwa, upepo ni mdogo, na nguo hulowa jasho. Wakati wa kushuka, kazi hukoma ghafula ilhali upepo huongezeka. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Kwa hiyo fulana ya pamba iliyolowa humwibia mwendeshaji joto lake. Vidole vikifa ganzi, haviwezi kukamata breki barabara.

Kinga yake ni kuvaa tabaka kadhaa: ndani, sufu, au poliesta ambayo hunyonya maji kidogo sana, katikati, sweta lenye kushika hewa, na nje, koti la kukinga upepo. Sweta livuliwe kabla ya kupanda na kuvaliwa kileleni. Waendeshaji wa Tour de France, wakifika juu ya milima ya Alps, walizoea kupachika magazeti kifuani chini ya fulana. Karatasi kavu huzuia upepo na kushika hewa, nayo haigharimu kitu. Asiye na glavu aweza kuvaa soksi mikononi, mradi azikamate breki bila kuteleza.

Jaribio

Chukua chupa tatu zinazolingana, uzijaze maji ya nyuzi 45. Funika ya kwanza kwa kitambaa kikavu cha pamba. Ya pili na ya tatu zifunike kwa kitambaa kama hicho kilicholoweshwa kwa maji hayo hayo. Kisha ya tatu uizungushie mfuko wa plastiki. Ziweke penye upepo, na usome kipimajoto kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa. Chora grafu.

Maswali

1. Ni chupa ipi iliyopoa upesi zaidi, na kwa nini?
2. Chupa ya tatu inafanana na mwendeshaji aliyevaa nguo gani?
3. Mwendeshaji huzalisha joto la Wati 240. Je, avukize gramu ngapi za jasho kwa saa ili kuliondoa lote?
4. Eleza kwa nini sweta lifaalo kileleni halifai wakati wa kupanda mlima huo huo.