Kilio Kutoka Jikoni Kwetu

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Malaki 3:5-10, Matendo 6:1-7, Yakobo 5:1-6

Tukifungua Malaki 3 huwa tunaenda moja kwa moja kwenye mstari wa 10, ule wa fungu la kumi na madirisha ya mbinguni. Ni mstari mzuri na tunauamini. Lakini hebu turudi nyuma mistari mitano tu. Katika mstari wa 5 Mungu anasema anakuja kuhukumu, na anawataja watu atakaowashuhudia yeye mwenyewe. Wamo wachawi, wazinzi na waapao uongo. Na katika orodha hiyohiyo wamo wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake. Amewaweka pamoja na wachawi! Sisi uchawi tunaukemea kila mkesha. Lakini ni lini mara ya mwisho umesikia mtu akikemewa kwa sababu hajamlipa dada wa kazi?

Isaya 58 nayo tunaipenda wakati wa mfungo. Soma mstari wa 3 polepole. Watu wanamuuliza Mungu mbona wamefunga naye haoni, na jibu linakuja kwamba siku ileile ya kufunga walikuwa wakiwakandamiza wafanyakazi wao. Mama yuko kanisani anaomba na kufunga, na nyumbani kuna msichana aliyeamka saa kumi na moja, atakayelala wa mwisho, na ambaye hajaona mshahara tangu mwezi wa nane. Yakobo anasema mshahara uliozuiliwa unalia wenyewe, na kilio hicho kimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Sasa fikiria maombi mawili yakipanda kutoka nyumba moja, moja la mama na moja la jikoni.

Wengine watasema, "Lakini mimi nampa chakula na pa kulala, na watoto wanamwita anti, ni kama wa familia." Sawa, asante kwa hilo. Lakini Labani pia alikuwa mjomba wa Yakobo, wa familia kabisa, na alimbadilishia mshahara mara kumi (Mwanzo 31:7). Undugu haulipi karo ya mtoto aliyeachwa na nyanya yake kijijini.

Torati ilikuwa wazi sana hapa. Kibarua maskini alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua, awe Mwisraeli au mgeni, kwa sababu roho yake inautegemea huo mshahara. Utashangaa kwamba sheria ya Kenya inasema karibu jambo hilohilo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kibarua wa siku alipwe mwisho wa siku, na wa mwezi alipwe mwezi ukiisha. Kwa hiyo yule fundi aliyekujengea ukuta, ukamwambia "kuja Ijumaa", kisha Ijumaa simu ikazimwa, umevunja Musa na umevunja Kenya kwa mkupuo mmoja.

Tukae kidogo kwenye hiyo sheria, kwa maana wengi wetu ni waajiri na hatujui. Mtu unayemwajiri kwa miezi mitatu au zaidi anatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni kazi yako wewe, si yake. Kama hajui kusoma, aelezwe kwa lugha anayoielewa. Kila siku saba ana haki ya siku moja ya kupumzika. Akimaliza miezi kumi na miwili ana likizo ya siku 21 za kazi na mshahara wake kamili. Akijifungua ana miezi mitatu ya likizo yenye malipo, kwa hiyo kumfukuza kwa sababu ana mimba ni dhambi na ni kesi pia. Halafu kuna jambo la sahani. Sheria inakuruhusu kukata pesa kwa kitu kilichoharibiwa kwa makusudi, tena kiasi cha haki. Sahani iliyoteleza mkononi haimo.

Pia kuna kima cha chini cha mshahara, na dada wa kazi anahesabiwa. Kwa agizo la Novemba 2024, mfanyakazi wa nyumbani Nairobi au Mombasa hakupaswa kupata chini ya shilingi 16,113 kwa mwezi. Miji midogo na mashambani kiwango ni cha chini zaidi. Najua kuna mshirika amesoma hapo akashtuka, kwa sababu yeye mwenyewe anapata elfu ishirini na tano. Hilo ni la kweli na si dogo. Lakini basi tuwe wakweli pia: kama huwezi kumlipa mtu wa mwezi mzima, mwite siku mbili kwa wiki umlipe sawasawa. Umaskini wangu haunipi ruhusa ya kumfanya mwenzangu maskini kuniliko.

Hicho kima cha chini hakikuanguka kutoka mbinguni. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata wa nyumbani, waligoma kwa maelfu hadi mji ukasimama. Kiongozi wao akawa Chege Kibachia. Serikali ya mkoloni ikaunda baraza chini ya Jaji Thacker, mishahara ikaongezwa, na mwaka huohuo Kibachia akakamatwa akapelekwa kuishi kizuizini Baringo. Shida kubwa ya wakati ule ni kwamba mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume bachela anayelala peke yake mjini, kana kwamba hana mke wala watoto. Ni mwaka 1954 ndipo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza mshahara upimwe kwa mahitaji ya familia. Tazama jinsi uamuzi mmoja wa serikali unavyogusa sufuria ya kila nyumba. Sadaka ya wahitaji tunayotoa ni njema, tuendelee nayo, lakini sadaka haiwezi kuziba shimo ambalo mshahara mbaya unalichimba kila mwezi.

Hapa ndipo wapendwa wengine wanakwama. "Muungano wa wafanyakazi na migomo, si mambo ya dunia hayo?" Hebu tusome Matendo 6. Wajane wa Wayunani walikuwa wanarukwa katika ugawaji wa chakula, na watu wao wakanung'unika, tena kama kundi. Mitume hawakusema ni roho ya uasi. Waliita mkutano, wakabadilisha utaratibu na kuchagua watu saba wa kuusimamia, na mstari wa 7 unasema Neno la Mungu likazidi kuenea. Kabla yao, katika Hesabu 27, mabinti watano wa Selofehadi walisimama pamoja mbele ya Musa wakadai haki ambayo sheria haikuwapa. Bwana akajibu kwamba wamesema kweli, na sheria ikaongezwa kwa Israeli wote.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na muungano na haki ya kugoma. Wafanyakazi wa nyumbani wana muungano wao, KUDHEIHA, pamoja na wa mahoteli na mahospitali. Dada wa kazi akiuliza habari zake, usimwone kama adui nyumbani mwako. Kuna wanaopenda kumjibu kwa Luka 3:14, pale Yohana anaposema watu watosheke na mshahara wao. Lakini angalia aliyeambiwa. Ni askari, waliokuwa wakinyang'anya watu kwa nguvu. Hakuambiwa aliyenyang'anywa.

Na wewe unayeajiriwa, Waefeso 6:6 ni yako. Usifanye kazi ya macho tu, na unga wa boss usitoke kwa mlango wa nyuma. Ukidhulumiwa, zungumza kwanza kwa heshima, na ikishindikana ofisi ya leba iko kwenye kaunti yako. Usikae sana, kwa maana sheria inakupa miaka mitatu tu kupeleka dai lako mahakamani.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii, mjadiliane bila kutajana majina: Nani katika nyumba zetu analipwa nje ya mkataba, na mkataba huo utaandikwa lini? Je, mlinzi na wanaofagia kanisa letu wanalipwa kiasi gani, na wana siku gani ya kupumzika ikiwa Jumapili ndiyo siku yao ya kazi nyingi? Swali hilo la mwisho viongozi wa ushirika walilete kwa wazee kwa maandishi.