SOMO: Gari la Umeme Mtupu na Gari la Umeme na Petroli



Wenzetu wa gereji na madereva wa mashamba wameuliza: je, magari yote yanayochomekwa kwenye umeme ni ya namna moja? La. Ziko namna mbili, na tofauti yake inamhusu mfanyakazi kabla haijamhusu tajiri anayenunua gari.

Namna ya kwanza ni gari la umeme mtupu. Ukifunua boneti huoni injini. Halina tangi la petroli, wala bomba la moshi, wala plagi za kuwashia moto, wala oili ya injini ya kubadilishwa. Lina betri kubwa chini ya sakafu, na mota ya kuzungusha magurudumu, basi. Betri ikiisha gari husimama, na dawa yake ni kulichomeka tena.

Namna ya pili ina vyote viwili: mota na betri iliyo ndogo zaidi, pamoja na injini na tangi la petroli. Usiku huchomekwa kama lile la kwanza. Mchana hutembea kwanza kwa umeme, na betri ikipungua injini huamka ikashika kazi. Msiichanganye na magari kama Prius ya mwaka 1997, ambayo hayachomekwi popote. Hayo hupata umeme wake kutoka kwa injini yenyewe na wakati wa kufunga breki.

Tuchukue magari mawili yaliyotoka mwaka mmoja, 2010. Nissan Leaf lilikuwa la umeme mtupu. Betri yake ilichukua uniti 24, uniti zile zile tunazolipia nyumbani, na wapimaji wa serikali ya Marekani waliliandikia kilometa 117 kwa chaji moja. Chevrolet Volt lilikuwa la namna ya pili. Betri yake ilikuwa ya uniti 16, na gari halikuzitumia zote, ili betri isichoke mapema. Lilikwenda kilometa 56 kwa umeme, kisha injini ya lita 1.4 ikaendelea kilometa 500 na zaidi. Siku hizi yako mengi ya umeme mtupu yanayopita kilometa 400.

Mtu atasema hilo la pili ndilo bora, halimwachi mtu njiani. Kwa safari ndefu ni kweli. Lakini mwenye gari hilo anatunza mitambo miwili: oili na filta bado zipo, na betri juu yake. Tena faida yake yote iko katika kulichomeka. Asiyelichomeka anabeba betri nzito bure huku akichoma petroli. Mwaka 2024 Tume ya Umoja wa Ulaya ilitoa hesabu zilizorekodiwa na magari yenyewe barabarani: namna hii ya pili ilitoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa katika vipimo rasmi. Mtu amepewa gari na kampuni, petroli inalipwa na kampuni. Nani atahangaika na waya usiku?

Sasa neno kwa mafundi, maana Ethiopia ilikwisha kupiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, na magari haya yanazidi kuingia katika nchi zetu. Nyaya nene za rangi ya machungwa zina volti mia kadhaa. Huo ni umeme wa kuua, na namna zote mbili zinao. Usizikate wala kuzifungua eti kwa sababu ufunguo umetolewa. Kwanza umeme mkubwa ukatwe mahali pake maalumu, kisha usubiri dakika zilizoandikwa katika kitabu cha gari, kwa kuwa umeme hubaki ndani ya vifaa, kisha upime, glavu za mpira za mafundi umeme zikiwa mkononi. Namna ya pili ina mtego zaidi: gari liko kimya, unaingiza mkono karibu na mkanda, na injini inawaka yenyewe. Mwajiri asiyetoa glavu wala mafunzo asiambiwe ndiyo. Mpelekee mwakilishi wa chama habari hiyo kabla hujagusa gari.

Liko pia suala la ajira. Gari la namna ya pili bado linahitaji watu wa kutengeneza injini, ekzosi na tangi. La umeme mtupu haliwahitaji. Kazi huhamia kwenye betri. Huko Lordstown, jimbo la Ohio, kiwanda cha General Motors cha magari ya petroli kilitoa gari lake la mwisho mwezi Machi 1969 + miaka hamsini, yaani 2019. Mwaka huo huo Volt nalo likakomeshwa. Kisha jirani na kiwanda kile kikajengwa kiwanda cha betri, kampuni hiyo ikiwa na ubia. Wafanyakazi wapya wakaanzia dola 16 na nusu kwa saa, wakati wazoefu wa viwanda vya magari walikuwa wakipata karibu dola 32.

Desemba 2022 wafanyakazi wale wa betri walipiga kura ya kujiunga na chama cha UAW: 710 walikubali, 16 walikataa. Mgomo wa viwanda vya magari ulipoanza Septemba 2023, dai mojawapo lilikuwa betri ziingizwe katika mkataba mkuu. Oktoba kampuni ikakubali.