Somo la Tisa: Insha ya Hoja Yenye Pande Mbili – Raha na Karaha za Udereva wa Malori

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kutambua swali la insha linalodai pande mbili;
(b) kuhusisha hoja za pande hizo badala ya kuziorodhesha;
(c) kutoa msimamo unaotokana na hoja zako mwenyewe.

Swali la mfano

"Kazi ya udereva wa malori ya masafa marefu ina neema na mashaka yake." Jadili kauli hii kwa hoja nne. Insha yako iwe na maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.

Swali hili huonekana jepesi, na wepesi huo ndio mtego wake. Malori unayaona kila siku. Huenda baba yako, mjomba wako au jirani yenu ni dereva. Kwa sababu hiyo mtahiniwa hushika kalamu na kuandika papo hapo: dereva hupata fedha, dereva hutembelea miji, dereva hupata ajali, dereva hukaa mbali na familia. Hoja hizi zote ni za kweli. Tatizo ni kwamba zimepangwa kama mafungu ya nyanya gengeni: ukiondoa fungu moja, mengine hayatikisiki. Mtahini akisoma insha ya namna hiyo ataona kwamba unazijua hoja, lakini hataona kwamba umezifikiria.

Hatua ya kwanza: Chambua swali

Pigia mstari maneno yanayoamuru na yale yanayoweka mipaka.

*Jadili* hukutaka upime pande zote kisha useme unasimama wapi. Kueleza peke yake hakutoshi.

*Masafa marefu* huweka mpaka. Dereva wa lori la mchanga anayerudi kwake kila jioni hayumo katika swali hili. Ukimwandika yeye, umetoka nje ya mada.

*Neema na mashaka* ni pande mbili zenye uzito sawa. Hoja tatu na nusu za ajali na nusu hoja ya kipato si mjadala.

Hatua ya pili: Kusanya maarifa

Chagua njia moja unayoifahamu, uitumie kama chanzo cha mifano. Hapa tumechagua barabara kuu itokayo Dar es Salaam na kupita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Mambo yafuatayo yatakufaa.

(a) *Historia.* Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru bila ridhaa ya Uingereza. Zambia haina bahari, na bidhaa zake nyingi zilikuwa zikipita Rhodesia. Ikabidi itafute njia nyingine. Malori yakaanza kupeleka mafuta Zambia kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba, wakati sehemu kubwa ya barabara ilikuwa bado ya vumbi na tope. Ajali zilikuwa nyingi hata njia hiyo ikabandikwa jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo malori hayakuondoka barabarani.

(b) *Safari yenyewe.* Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Baadhi ya madereva huvuka Zambia na kuingia Kongo kupitia Kasumbalesa. Njiani lori hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako anayegonga mnyama hutozwa faini. Halafu huja mlima Kitonga wenye kona kali: dereva huupanda akielekea Iringa, na huuteremka kwa gia ndogo akirudi Dar es Salaam, ili breki zisishike moto. Kuna pia vituo vya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hairuhusu lori pamoja na mzigo wake kuzidi tani 56.

(c) *Muda na mwendo.* Nchini Tanzania magari makubwa ya mizigo hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979 kuhusu usafiri wa barabarani unaelekeza kwamba dereva asiendeshe zaidi ya saa nne mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa tisa kwa siku.

(d) *Malipo.* Madereva wengi hupata mshahara pamoja na posho ya safari. Posho hiyo hutolewa kwa safari nzima, hata kama safari itachukua siku nyingi kuliko ilivyotarajiwa.

Lishike sana jambo hili la nne. Ndilo litakalokusaidia katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: Tafuta mzizi mmoja

Chukua kila neema, kisha jiulize: je, neema hii yenyewe inazaa shaka gani? Usiende kutafuta shaka mahali pengine. Utapata hoja pacha kama hizi:

1. Posho ya safari huleta maendeleo. Posho hiyohiyo huliwa na foleni.
2. Safari nyingi huongeza kipato. Safari nyingi huondoa usingizi.
3. Dereva hana msimamizi kabini. Dereva hana msaidizi porini.
4. Dereva huona nchi za watu. Dereva haoni watoto wake wakikua.

Sasa una hoja nne, na kila moja ina pande zote mbili. Hukulazimika kutafuta hoja nane, wala hutavuka idadi ya maneno.

Insha ya mfano

RAHA NA KARAHA ZA DEREVA WA LORI

Lori linapotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma, limebeba vitu viwili: mzigo wa watu wengine na maisha ya anayeliendesha. Kazi hiyo ina neema na mashaka, na mara nyingi neema na mashaka hayo hutoka mahali pamoja.

Kwanza, udereva huleta kipato. Dereva hupokea posho kwa kila safari, na kwa posho hiyo wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto. Hata hivyo, posho huhesabiwa kwa safari, si kwa siku. Akikwama kwenye foleni ya mpakani kwa siku tano, atakula barabarani fedha zilezile alizokusudia kuzipeleka nyumbani.

Pili, dereva anayekamilisha safari nyingi hupata zaidi. Jambo hili humtia bidii, lakini pia humshawishi kujinyima usingizi. Ndiyo maana mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979 uliweka kikomo cha saa tisa za kuendesha kwa siku. Dereva anayesinzia akiteremka Kitonga na shehena ya shaba hahatarishi mzigo tu, kwani chini yake kuna basi la abiria linalopanda.

Tatu, kazi hii ina uhuru. Ndani ya kabini hakuna msimamizi. Dereva hujipangia mwendo na mahali pa kulala. Lakini uhuru huo ndio upweke wake. Gurudumu likipasuka usiku porini, yeye na utingo wake ndio mafundi na ndio walinzi wa mzigo.

Nne, dereva huona miji mingi na hujifunza lugha na desturi za watu, kuanzia Mbeya hadi Lubumbashi. Lakini macho yanayoona nchi za wengine hayamwoni mtoto wake akianza kutembea. Mama hulea peke yake, na baba hurudi nyumbani kama mgeni.

Kwa hiyo, udereva wa malori si kazi ya kudharauliwa, wala si ya kukimbiliwa kwa kusikia habari za fedha zake tu. Neema zake zitazidi mashaka iwapo wenye malori watalipa posho kwa siku za foleni na kuuheshimu muda wa dereva wa kupumzika. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini ili ale, ni lazima kwanza afike kivulini akiwa hai.

Maelezo kuhusu insha hii

Insha ina maneno kati ya 260 na 270. Utangulizi umetoa dai: neema na mashaka hutoka mahali pamoja. Kila aya ya kiini imelithibitisha dai hilo kwa mfano. Hitimisho halikurudia hoja. Limesema nini kifanyike, na pendekezo lake linatokana na hoja ya kwanza na ya pili. Mtahini hataliona kama kitu kilichodondoka kutoka juu.

Makosa ya kuepuka

*Methali inayokupinga.* Watahiniwa wengi hupenda kufunga mada hii kwa "ajali haina kinga". Fikiri kidogo. Ikiwa umeeleza kwamba uchovu huleta ajali, umeshasema kwamba ajali hiyo ina kinga, nayo ni usingizi. Methali hiyo itaibomoa insha yako kwa sentensi moja.

*Kuwahukumu watu wote.* Usiandike "madereva wa malori ni wahuni" au "madereva ndio waletao UKIMWI". Ukitaka kuzungumzia afya, eleza mazingira: siku nyingi mbali na nyumbani, kulala mpakani, na kufika mjini wakati zahanati zimefungwa. Eleza chanzo, usimtusi mtu. Huenda anayesahihisha karatasi yako alisomeshwa kwa posho ya safari.

*Takwimu za kubuni.* Usiandike "asilimia 90 ya ajali" kwa sababu tu tarakimu inapendeza. Mfano mmoja wa kweli una nguvu kuliko tarakimu usiyoweza kuitetea.

Neno kwako, mtahiniwa

Mtihani wa Novemba ukiisha, baadhi yenu mtaingia katika kazi hii au kazi zinazofanana nayo. Swali ulilojifunza kuuliza hapa halitaishia kwenye karatasi. Ukiahidiwa kazi yenye malipo mazuri, uliza: malipo haya yanahesabiwaje, na siku ambazo mambo yatakwama ni za nani? Anayeweza kuliuliza swali hilo kwa kalamu ataweza kuliuliza pia kabla ya kutia sahihi mkataba.

Zoezi

1. Tunga hoja pacha tatu kuhusu kazi ya bodaboda. Kila neema na shaka lake vitoke kwenye mzizi mmoja.
2. Andika upya aya ya tatu ya kiini ukimzungumzia utingo badala ya dereva. Ni nini kinabadilika katika uhuru na upweke?
3. Zungumza na dereva wa masafa marefu. Muulize: katika safari yake ya mwisho alitarajia kukaa siku ngapi, na alikaa siku ngapi? Tumia jibu lake kuandika aya moja ya hoja.
4. "Kazi ya uvuvi ina neema na mashaka yake." Jadili kauli hii kwa hoja nne. Insha yako iwe na maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300.