Imani, Tumaini na Tawakali: Dhana ya Kumtegemea Mungu katika Maisha ya Kiyahudi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye madarasani katika Chuo Kikuu cha Nairobi akielekea Uhuru Highway hupita karibu na sinagogi iliyo kwenye kona ya University Way. Jengo hilo ni la Nairobi Hebrew Congregation, jumuiya ya Wayahudi iliyoanzishwa mwaka 1904. Ujenzi wa sinagogi ya kwanza ulianza mwaka 1912, na hii ya sasa ni ya miaka ya 1950. Aghalabu mpita njia hajui kwamba lugha inayosaliwa humo ina undugu na maneno ayatumiayo mwenyewe kila siku. Makala haya yanachunguza dhana ya kumtegemea Mungu katika maisha ya Kiyahudi, na yanauliza ni neno lipi la Kiswahili linaloibeba dhana hiyo barabara.

Emuna na Bitahoni

Kiebrania kina maneno mawili makuu yanayohusu jambo hili. La kwanza ni emuna, lenye mzizi wa konsonanti tatu: alefu, m na n. Mzizi huo umo pia katika Kiarabu, kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kisemiti, na kupitia Kiarabu umetupatia amini, imani, amana na amani. Hata amina inayofunga sala ni ya ukoo huo huo. Katika Torati, emuna huwa na maana ya uthabiti. Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinasimulia jinsi mikono ya Musa ilivyochoka vitani, Haruni na Huri wakaitegemeza hadi jua likachwa. Neno linaloielezea mikono hiyo iliyosimama imara ni emuna.

Neno la pili ni bitahoni, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuegemea bila hofu. Katika Kiebrania cha leo neno hili humaanisha pia usalama, na ndilo lililomo katika jina la Wizara ya Ulinzi ya Israeli. Walimu wa Kiyahudi huyatofautisha maneno haya mawili: emuna ni kusadiki kwamba Mungu yupo na anatawala, bitahoni ni kuyaendesha maisha kwa kuuegemea usadikifu huo. Mtu anaweza kusadiki kwamba daraja ni imara na bado asithubutu kulivuka. Mwenye bitahoni huvuka.

Utata wa Tafsiri

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, mara nyingi hukitafsiri kitenzi cha bitahoni kwa tumaini. Hata hivyo, tumaini ndilo neno linalotumika pia kwa taraja, kama katika utatu mashuhuri wa imani, tumaini na upendo. Atumainiye hutazama jambo ambalo halijaja. Mwenye bitahoni anaegemea sasa hivi, jambo hilo lije lisije. Tofauti hiyo humpotea msomaji wa Kiswahili.

Lipo neno lililo karibu zaidi, nalo ni tawakali. Huenda baadhi ya wasomaji wakadai kwamba ni la Waislamu peke yao. Historia yaonyesha vingine. Katika karne ya 11, Bahya ibn Paquda, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Uhispania, aliandika kwa Kiarabu kitabu kuhusu wajibu wa moyo. Mlango wa nne wa kitabu hicho unahusu kumtegemea Mungu, na neno alilolitumia ni lile lile lililozaa tawakali yetu. Katika karne ya 12, Yuda ibn Tibbon alipokitafsiri kwa Kiebrania, aliweka bitahoni mahali pake. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anayechagua tawakali anaifuata njia iliyokwisha kupitwa na Wayahudi wenyewe.

Tawakali kama Tendo

Kwa mujibu wa Bahya, tawakali ni utulivu wa nafsi, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kufanya kazi wala kujikinga na hatari. Juhudi hiyo ya mja huitwa hishtadluti. Wahenga wa Kiswahili nao walizitambua pande zote mbili. Walisema kwamba Mungu hamtupi mja wake. Wakasema vilevile kwamba riziki ya mbwa imo miguuni mwake.

Pale juhudi inapopaswa kukoma ndipo tawakali huonekana. Kutoka, sura ya 16, inaeleza kwamba jangwani kila mtu aliokota mana ya siku moja tu, na iliyowekwa akiba iliingia mabuu. Siku ya sita waliokota maradufu, na ya Sabato haikuoza. Kumbukumbu yake ni mikate miwili inayowekwa mezani kila Sabato. Tajiri na maskini hufunzwa kwamba siku isiyo na kazi nayo ina riziki yake.

Nairobi ikiwa karibu na ikweta, Sabato huingia karibu saa ile ile mwaka mzima, jua linapotua Ijumaa. Hesabu hiyo si ngeni kwa Mswahili wa mapokeo, ambaye kwake pia usiku hutangulia mchana wake. Wakati magari yanasongamana Uhuru Highway na wafanyabiashara wanawania mauzo ya mwisho, Myahudi ashikaye sheria hufunga hesabu zake. Kwa kuwa haendeshi gari siku hiyo, akiishi Westlands itambidi atembee kupitia Museum Hill hadi sinagogini. Tena, kwa mapokeo ya Kiothodoksi, sala ya jamaa huhitaji wanaume kumi. Katika jumuiya ndogo, kila aondokaye nyumbani anategemea kwamba wenziwe tisa nao wamo njiani.

Mtihani wa Tawakali

Je, tawakali ni ahadi kwamba mambo yatakuwa mema? Swali hili liliwafika Wayahudi waliokimbilia Kenya kutoka Ujerumani katika miaka ya 1930. Stefanie Zweig, aliyeletwa nchini akiwa mtoto mwaka 1938, aliyasimulia maisha hayo katika riwaya yake ya mwaka 1995. Wakimbizi walinusurika, ilhali jamaa wengi waliobaki Ulaya waliuawa. Haiwezekani kusema kwamba waliookoka walimtegemea Mungu kuliko waliokufa.

Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, aliyefariki mwaka 1953, aliikataa fikra hiyo waziwazi. Kwake, bitahoni si kuwa na hakika kwamba matokeo yatapendeza. Ni kujua kwamba hakuna litokealo kwa bahati nasibu, na kwamba mja hajaachwa mikononi mwa watu tu. Fasili hii haimalizi uchungu, lakini haimdanganyi mfiwa.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba imani yaweza kuibeba emuna, na tumaini libaki kwa taraja. Bitahoni yastahili tawakali, neno linalounganisha utulivu wa moyo na tendo. Wanaisimu na wafasiri wachanga wana kazi ya kulirejesha neno hili katika mjadala wa tafsiri za kidini, bila kulifungia katika dini moja.